Meneja wa Tawi, Ng'ambo ya Kisiwa

Katika kampuni ya kisasa ya rejareja, meneja wa ngazi ya kati ni yule asiyepanga sera ya kampuni wala kuketi kwenye tili kupokea pesa, ila pasipo yeye sera haifiki kwenye tili. Juu yake wako wakurugenzi na wakuu wa idara, ambao kwa kampuni nyingi za Kenya wanakaa Nairobi. Chini yake wako wasimamizi wa sehemu, makeshia, wapanga rafu, watu wa stoo na walinzi wa mlangoni. Katika supamaketi za Mombasa cheo hiki kina majina kadhaa: meneja wa tawi, meneja msaidizi, meneja wa zamu, na juu yao kidogo meneja wa eneo, anayezunguka matawi ya Pwani. Mteja hashughuliki na tofauti hizo. Aliyeuziwa maziwa yaliyochacha husema neno moja tu: "Niitieni meneja."

Upande wa bara wa Mombasa si soko moja. Ni masoko matatu yaliyotenganishwa na maji. Kusini, ukishavuka feri, ni Likoni, Mtongwe na Shika Adabu. Kaskazini, ukishapita daraja la Nyali, ni Kisauni na mitaa yake, toka Mlaleo hadi Mtopanga, Bamburi na Kiembeni. Magharibi, baada ya Makupa, ni Changamwe, Chaani, Port Reitz na Magongo, kuelekea Mikindani na Miritini. Kwa miaka mingi mkaazi wa sehemu hizi alipotaka vitu vya mwezi mzima alikwenda kisiwani, na hadi leo anayetoka Likoni husema anakwenda "Mombasa", kana kwamba alipo si Mombasa. Maduka makubwa yaliwafuata watu walikohamia. Yalikuja na kompyuta zilezile, sare ileile, na orodha ya bei iliyoamuliwa mbali. Yaliyobaki, yale yanayotaka mtu aliye papo hapo na anayepajua, ndiyo kazi ya meneja wa kati.

Pwani iliijua kazi hii kabla ya supamaketi. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyezaliwa Kutch, India, mwaka 1851, alifika Zanzibar akiwa mvulana, akajifunza biashara Bagamoyo, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 maduka yake yalikuwa yamefuata Reli ya Uganda toka Mombasa hadi ziwani, kisha yakaingia Uganda yenyewe. Shule ya upili yenye jina lake ingalipo kisiwani. Tajiri huyo hakuweza kukaa katika kila duka. Kila kituo kilikuwa na wakala wake, aliyepokea mzigo, akaandika daftari, akaamua nani akopeshwe na nani asikopeshwe, kisha akapeleka hesabu kwa mwenye mali. Wakala huyo hakuitwa meneja, lakini alibeba vitu viwili ambavyo meneja wa kati hubeba mpaka sasa: mali isiyo yake, na watu anaowajua yeye kuliko mwenye mali.

Kwingineko kazi hii ilikua kwa njia nyingine. Mwanahistoria wa Marekani Alfred Chandler, katika kitabu chake The Visible Hand cha mwaka 1977, alieleza jinsi kampuni za reli za nchi hiyo katikati ya karne ya 19 zilivyolazimika kuajiri ngazi nzima ya wasimamizi wa mshahara, kwa kuwa reli ndefu haikuweza kuendeshwa kwa usalama na mtu mmoja aliyeketi mwisho wa njia. Maduka yenye matawi mengi yakafuata mfano huo. Halafu mwaka 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders akafungua Piggly Wiggly, duka ambamo mteja aliingia, akajichukulia bidhaa rafuni, akalipa akitoka. Hapo palibadilika jambo linalozungumzwa kidogo mno. Katika duka la kaunta, mwenye duka alimjua mteja kwa jina, akajua nyumba yake ina watu wangapi na mshahara huingia lini. Keshia wa duka la kujihudumia, mwenye foleni ya watu kumi mbele yake, hana nafasi ya kujua hayo. Ujuzi wa mtaa uliondoka kaunta, na usipopata mtu mwingine wa kuushika hupotea kabisa.

Nchini Kenya, Uchumi ilianzishwa na serikali mwaka 1975. Nakumatt, Tuskys na Naivas zilichipuka kutoka biashara za familia za Nakuru na viunga vyake. Mwanzoni mwenye mali alitembea dukani mwenyewe na kuona kwa macho kilichokwisha na kinachooza. Matawi yalipopita kumi, macho hayo hayakutosha tena. Naivas, iliyoanza na duka moja la Rongai mwaka 1990, leo ina matawi zaidi ya 100, na katika kila tawi kuna mtu aliyeajiriwa kuyatazama yale ambayo zamani mwenyewe aliyatazama.

Kazi ya siku huanza kabla mlango haujafunguliwa. Tawi linalofunguliwa saa mbili asubuhi linahitaji mkate rafuni, sakafu iliyokauka, chenji ndani ya kila tili na keshia kwenye kila kiti. Kwa meneja wa Likoni hesabu hiyo huanzia majini. Kivuko cha Likoni hubeba zaidi ya watu 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku. Feri moja ikiharibika alfajiri, wafanyakazi wanaokaa kisiwani au Kisauni huchelewa wote kwa pamoja, na kuchelewa huko hakutokani na uzembe. Lori la mzigo kutoka Nairobi nalo lilikuwa likikaa kwenye foleni ya feri, mpaka barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa mwaka 2024 na kuwapa madereva njia ya kuingia kusini bila kupanda feri. Meneja anayepajua mahali pake huwapa zamu ya kwanza wale wanaokaa upande wake wa maji, na wanaovuka huwapangia waingie saa nne. Jambo dogo, lakini huokoa barua nyingi za onyo ambazo hazikustahili kuandikwa.

Kisha kuna kalenda. Makao makuu huona mwezi mmoja wenye mwanzo na mwisho. Meneja wa Changamwe huona miezi kadhaa ndani ya huo mmoja: mshahara wa walioajiriwa bandarini, uwanja wa ndege na viwandani, malipo ya wiki ya vibarua, na pesa ya dereva wa lori inayotumika usiku wa kuamkia safari. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Mwaka 2019 serikali iliamuru makontena yatolewe bandarini kwa reli ya SGR, amri iliyoleta maandamano mjini na kuwaumiza watu wa malori, magereji na vibanda vya chakula kandokando ya barabara kuu, hadi ilipoondolewa mwaka 2022. Misukosuko ya namna hiyo huonekana rafuni kabla ya kuonekana kwenye ripoti yoyote. Mafuta ya kupikia ya lita tatu hukaa, ya nusu lita yakaisha. Sabuni ya unga ya kilo huanza kushika vumbi huku vifuko vya shilingi chache vikiagizwa mara mbili kwa wiki. Meneja anayetembea kati ya rafu zake kila jioni ana habari za uchumi wa Changamwe ambazo mchumi wa Nairobi atazipata baada ya miezi.

Kisauni ina mwendo wake, kwa kuwa mishahara ya hoteli za Bamburi na Shanzu hupanda na kushuka na msimu wa wageni. Likoni, mteja wa jioni yuko njiani. Ameshuka feri, anakimbilia matatu ya Ukunda au ya Shika Adabu, na atanunua anachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Meneja akiweka mkate, maziwa na sukari karibu na mlango, na tili moja ikaachiwa wenye vitu vichache, mtu huyo atalipa na kuondoka kabla gari halijajaa.

Ramadhani ndiyo mtihani mkubwa wa mwaka kwenye pande zote tatu. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, tende, sukari, unga wa ngano, tambi, maziwa na mafuta huanza kutoka kwa kasi. Agizo lisipopelekwa mapema halina fidia, maana mwezi hausubiri lori. Na hapa kompyuta ya kampuni hukosea kwa njia inayotabirika. Mtambo hulinganisha Aprili ya mwaka huu na Aprili ya mwaka jana, ilhali Ramadhani husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mtambo ukiachiwa uamue peke yake, tende zitafika wakati watu wameshasahau futari. Meneja ndiye wa kuandika makao makuu, kwa wakati, kueleza kwa nini anataka mara tatu ya kile ambacho mtambo umependekeza, na kubeba lawama kama atakosea.

Mwezi huohuo humpa kazi nyingine isiyo ya bidhaa. Mauzo ya mchana hulegea, halafu kati ya alasiri na magharibi duka hufurika. Saa hiyohiyo wafanyakazi wengi wamefunga tangu alfajiri na wanataka kufuturu. Palipo na mpango mzuri, asiyefunga hushika tili wakati wa adhana ya magharibi, na aliyefunga hupewa dakika za kutosha kunywa maji, kula tende na kuswali akiwa ametulia. Ikifika Krismasi, waliofunga nao huwashikia wenzao zamu. Hakuna mkurugenzi anayeweza kuliagiza hilo kwa waraka likafanyika. Hufanyika pale ambapo wafanyakazi wanamwamini anayepanga zamu, na huvunjika siku ile ile wanapogundua kwamba ana wake anaowapendelea.

Ziko pia siku ambapo uamuzi mkubwa wa nchi humfikia mwananchi kupitia mikono ya meneja wa tawi. Mwezi Mei 2017, unga wa mahindi ulipopita shilingi 150 kwa pakiti ya kilo mbili, serikali ilileta unga wa ruzuku wa shilingi 90. Ukawa haba tangu siku za mwanzo, na maduka mengi yakaweka kikomo cha pakiti mbili kwa mteja. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, jambo likajirudia: bei ikatangazwa kuwa shilingi 100, kutoka takriban 200, na rafu nyingi zikabaki tupu. Waliotangaza hawakuwako kwenye foleni. Aliyekuwako ni meneja, na maswali yalikuwa yake. Pakiti 200 zikifika saa tatu asubuhi, zitolewe zote ziishe kabla ya saa nne, au nusu ziwekwe kwa ajili ya wanaotoka kazini jioni? Mama mwenye watoto sita apewe mbili, sawa na kijana anayeishi peke yake? Mwenye kibanda akituma watu wanne, huo ni ulanguzi wa kuzuiwa, au ndiyo njia pekee ya unga kufika ndani kabisa Mtongwe ambako hakuna supamaketi? Na wafanyakazi wa duka, ambao nao wana nyumba, wanunue lini? Meneja hujibu mbele ya watu, palepale, na mtaa huendelea kukumbuka alivyojibu hata baada ya unga kusahaulika.

Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Kazi ilikuwa kuziondoa rafuni mara moja, kuzitenga stoo zisichanganyike na nyingine, na kumpokea kwa upole mteja aliyerudi na pakiti iliyofunguliwa akiuliza kama watoto wake wamedhurika. Kisha ikaja kafyu ya korona ya Machi 2020, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku ya kwanza, tarehe 27, umati ulikwama kwenye kivuko cha Likoni na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Baada ya hapo saa ya kufunga duka la kisiwani lenye wafanyakazi wa Likoni ilihesabiwa kwa kurudi nyuma: kutoka saa moja usiku, ukitoa muda wa matatu, foleni ya feri na mwendo wa miguu hadi nyumbani. Aliyekosea hesabu hiyo alimweka mtu wake mbele ya rungu.

Mamlaka aliyonayo meneja huyu ni madogo kuliko watu wanavyodhani, na yamepungua kadiri mitambo ilivyoongezeka. Tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi ya Marsh huko Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ilipitishwa kwenye mashine ikasomwa kwa mistari yake, na huo ukawa mwanzo wa bakodi madukani. Tangu hapo kila kinachouzwa huacha alama. Bei zinaweza kubadilishwa kutoka mbali usiku mmoja kwa matawi yote. Maagizo hujiandika. Malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni bila kupita mkononi mwa mtu. Mengi ya haya ni ya heri, kwa kuwa yamefunga mianya ya wizi na kumpunguzia meneja usiku wa kuhesabu karatasi. Lakini yameacha pengo moja ambalo kampuni nyingi hazijalikabili. Meneja ameondolewa uamuzi wa bei, wa ofa na wa wingi wa mzigo, huku jukumu la mauzo na la mali iliyopotea likibaki lilelile juu yake. Lori likileta katoni 80 za bidhaa ambayo Kisauni hainunui, hasara itakapofika tarehe ya mwisho ya matumizi itaandikwa kwenye hesabu ya tawi. Si haki kumpima mtu kwa uamuzi aliokatazwa kuufanya, na kampuni inayofanya hivyo hupoteza mameneja wake wazuri kwanza.

Mahali pazuri pa kumrudishia uamuzi ni vitu vibichi. Nyanya, vitunguu, ndizi, mchicha na machungwa ya Pwani yako Kongowea, soko kubwa la jumla la upande wa kaskazini, ambako bei ya alfajiri si bei ya saa tatu. Mboga iliyonunuliwa Kongowea asubuhi huwa rafuni Bamburi kabla ya lori la kutoka mbali kufika hata Mariakani. Zaidi ya hayo, mshindani wa kweli wa supamaketi ya mtaani ni mama mboga aliyeketi nje ya lango lake. Yeye hukata sukuma wiki akimsubirisha mteja kidogo, humwongezea nyanya moja, na hukopesha hadi mwisho wa mwezi. Meneja mwenye ruhusa ya kushusha bei ya mboga jioni kabla hazijanyauka anaweza kuuza karibu na mama huyo bila kumwangamiza, kwa sababu wateja wao wa jioni si walewale.

Mlango wa nyuma nao una siasa zake. Viwanda na wasambazaji huleta wapangaji wao wa bidhaa, mamechandaiza, ambao huvaa fulana ya kiwanda lakini siku nzima hufanya kazi dukani chini ya meneja asiyewalipa. Ni rahisi kuwatumia kama wafanyakazi wa bure, kuwatuma kupiga deki au kubeba mizigo isiyo yao. Mvutano kati ya duka kubwa na anayeliuzia umefika hadi kwenye Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo Desemba 2023 iliitoza kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha Carrefour nchini, faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wasambazaji wawili, mmoja wao Pwani Oil, kampuni ya Pwani hii. Masharti ya aina hiyo huamuliwa juu sana kuliko tawi. Ila mwenye kiwanda kidogo cha achari au asali akija na gari lake, uso wa kampuni anaouona ni wa meneja, na jinsi anavyopokewa mzigo wake, kwa zamu au kwa kujuana, ni jambo lililo ndani ya uwezo wa tawi.

Eneo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni nidhamu, maana hapo kosa la meneja humkatia mtu riziki. Tili ikipungukiwa na shilingi 800 wakati wa kufunga, sababu inaweza kuwa wizi. Inaweza pia kuwa chenji iliyotolewa mara mbili katika msongamano wa jioni, ujumbe wa M-Pesa ambao keshia aliuamini kabla pesa haijaingia, umeme uliokatika katikati ya mauzo, au mwenzake aliyeingia kwenye tili kwa nambari yake ya siri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu, katika kifungu cha 19, kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake umemkabidhi waziwazi kazi ya kupokea na kutunza pesa, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Hakisemi popote kwamba bidhaa zilizopotea rafuni zigawanywe kwa wafanyakazi wote wa zamu kama mchango wa harusi. Kifungu cha 41 kinataka anayekusudiwa kufutwa kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na asikilizwe. Kifungu cha 27 kinampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika siku saba. Cha 28 kinampa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi hawezi kuendelea kuhesabiwa kibarua wa siku.

Sheria hizi haziishi mahakamani tu. Huishi au hufa kwenye ofisi ndogo ya ghorofani, yenye meza moja na skrini za kamera, ambamo meneja huamua kama ataangalia picha za saa nzima kabla ya kuandika barua au ataandika kwanza. Meneja mwenyewe ni mwajiriwa chini ya sheria hiyohiyo. Hupimwa kwa mali iliyopungua, huitwa usiku king'ora kikilia, na tawi likifanya vibaya miezi mitatu hujiona karibu na mlango. Shinikizo hilo ndilo humfanya mwingine amkate keshia pesa ili ripoti ya mwezi itoke safi. Kampuni ikitaka makeshia wake watendewe haki, haina budi kuanza na namna inavyomtendea anayewasimamia.

Kuporomoka kwa kampuni kubwa kulionyesha ugumu wa nafasi hii waziwazi kuliko mafanikio yao. Nakumatt iliwahi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilizidiwa na madeni, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ya kuifunga. Matawi sita yaliyobaki yakauzwa kwa Naivas. Mombasa, nafasi ya Nakumatt katika City Mall ya Nyali ilichukuliwa baadaye na Carrefour. Uchumi ilikuwa imefunga milango kwa mara ya kwanza Juni 2006, ikafufuliwa, ikadhoofika tena. Tuskys ilifuata njia hiyo tangu 2020. Katika kila kisa, waliojua mapema walikuwa mameneja wa matawi. Msambazaji wa maziwa aliacha kuleta. Wa sukari alitaka kulipwa taslimu kabla ya kushusha. Rafu za unga zikatandazwa maji ya chupa na karatasi za chooni, mstari mmoja mbele, nyuma hamna kitu. Wafanyakazi waliuliza mshahara utaingia lini, na meneja hakuwa na jibu kwa sababu hakuambiwa. Alitakiwa kuwatia moyo kwa maneno ambayo mwenyewe hakuyaamini. Habari zilipanda juu zikipunguzwa makali kwenye kila ngazi, kwani hakuna aliyependa kuwa mleta habari mbaya, na amri zilishuka bila maelezo.

Wengi wa wanaoshika cheo hiki hupanda kutoka chini: kufunga bidhaa kwenye mifuko, kupanga rafu, kushika tili, kusimamia sehemu, kisha kuwa msaidizi. Njia hiyo huchukua miaka, na faida yake ni kwamba meneja wa namna hiyo hadanganyiki kirahisi stoo wala kwenye tili. Wengine huingia na stashahada ya biashara na kufundishwa kazi ndani ya miezi. Malalamiko ya vijana wa Pwani kwamba vyeo huletwa kutoka sehemu nyingine za nchi ni ya zamani na yana uzito wake, kwa sababu kampuni hizi zilizaliwa kwingine na huamini kwanza waliokua nazo. Lakini kuzaliwa Likoni peke yake hakumfanyi mtu awe meneja mzuri wa Likoni, na mgeni anayejifunza hushinda mwenyeji anayedharau. Mgeni hujifunza kwanza kusalimia. Mzee wa Mtongwe aliyefika na malalamiko akiitikiwa salamu yake kikamilifu, akaulizwa hali ya nyumbani kabla ya kuulizwa risiti, nusu ya ugomvi imekwisha.

Kampuni nyingi huwahamisha mameneja baada ya muda ili mazoea yasizae ushirikiano wa wizi. Hofu hiyo ina msingi. Gharama yake ni kwamba aliyekwisha kujua feri, mishahara na futari za mahali huondoka, na anayekuja huanza upya. Makabidhiano ya kawaida huchukua siku moja au mbili: mali huhesabiwa usiku duka likiwa limefungwa, pesa za kwenye sefu huhesabiwa mbele ya mkaguzi, funguo na nambari za siri hubadilishwa, karatasi hutiwa sahihi. Yale mengine yanahitaji muda zaidi. Mameneja wawili wakikaa pamoja wiki nzima, anayeondoka humpeleka anayeingia kwa chifu, kituo cha polisi, stendi ya matatu na msikiti wa jirani, humwonyesha wauzaji wake wa Kongowea saa kumi na moja alfajiri, na humtajia, mmoja mmoja, wafanyakazi wanaovuka maji kuja kazini.